Oili Isiyopungua

Video yenyewe ni fupi, lakini ukoo mzima umeshaiona. Inaanza na tairi la nyuma la bodaboda, inafuata kamba ya katani iliyonyooka, halafu naonekana mimi, nimekaa wima juu ya Yamaha DT 125, helmeti kichwani, miwani ya vumbi usoni, glavu mikononi, navutwa. Mbele yangu, nyuma ya dereva wa bodaboda, amekaa mke wangu na pochi mapajani, macho mbele, utulivu mtupu, kama mtu asiyemfahamu yeyote anayekuja nyuma yake. Anawahi mazoezi ya kwaya. Aliyeshika simu ni binti yangu, yuko kwenye bodaboda ya pili, na kicheko kinachotikisa picha ni cha mdogo wake.

Kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shemeji wa Mbeya akauliza kama nimenunua pikipiki au trela. Baba mdogo, ambaye kwa kawaida huandika habari za misiba na michango tu, akaandika: "Hongera mwanangu, hiyo haili mafuta." Shangazi alituma picha ya mikono iliyofumbwa kwa sala, na mpaka leo sijui alikuwa anamwombea nani.

Lakini aliyenichoma zaidi ni yule kijana wa bodaboda. Tulikuwa bado upande wa Tungi, katikati ya mashamba ya mkonge, alipoegesha pikipiki yake akaizunguka DT taratibu. Akainama, akagusa injini, akarudisha kidole haraka. Yake ilikuwa na kiti kilichoshonwa kwa waya na taa iliyozibwa kwa selotepu, na tangu alfajiri ilikuwa inabeba watu, mikaa na magodoro bila kulalamika. Akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Sasa hii, huwa unaipanda ukiwa unaenda wapi?"

Kabla sijajibu, mke wangu alishaanza kupatana bei. "Mimi unanipeleka Kihonda. Na huyu wa nyuma, unamweka kwa shilingi ngapi?"

Wazo lilikuwa zuri, na bado nalitetea. Njia za mashamba ya mkonge ni pana na tambarare, Jumapili hazina trekta, na mlinzi akishakufahamu anakufungulia geti bila maneno. Mtoto anayejifunza kubalansi pikipiki huko anaangukia vumbi. Anayejifunzia barabara ya Dodoma anaangukia chini ya semi-trela. Na pikipiki ya kazi hiyo inajulikana. Kabla bodaboda za Kichina na Kihindi hazijajaa, ukiona pikipiki ndefu yenye madigadi ya juu na shokapu ndefu inapanda mlima wa Uluguru, ulijua anayekuja ni bwana shamba, bwana afya au padri. Zilikuwa DT. Ni nyepesi, zinapita kwenye tope, na watoto wanazipenda kwa sababu zinapiga kelele.

Dalali aliyeniuzia alikuwa na sentensi moja, aliirudia kila nilipogusa kitu. "Haijaguswa hii, mzee." Niligusa tangi: haijaguswa. Niligusa kabureta: haijaguswa. Halafu akafungua kava la ubavuni akanionyesha kitangi kidogo cha oili, kimejaa mpaka shingoni. "Hii haina habari ya kuchanganya. Wewe unaweka petroli yako, oili inajinywea yenyewe." Akaipiga kiki, ikawaka, ikafuka moshi wa buluu uwanja mzima. Moshi ule akaniambia ni wa kawaida, na kusema kweli hapo hakudanganya.

Hapa inabidi nieleze jambo, na atakayechoka aruke, maana mimi mwenyewe nilipolielewa nilikosa usingizi.

Injini za bodaboda za siku hizi ni za viharusi vinne. Oili inakaa chini, valvu ziko juu, kuna tapeti, kuna kemshafti, na pistoni inapanda na kushuka mara mbili ndipo plagi iwashe mara moja. DT ni ya viharusi viwili: kila pistoni inapopanda, plagi inawasha. Kichwani haina valvu hata moja. Kuna matundu ukutani mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wake. Inapopanda, chini yake, kwenye chumba cha krenki, panakuwa na mvuto unaonyonya hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Inaposhuka, inaukandamiza mchanganyiko huo na kuusukuma upite pembeni uende juu ya pistoni, tayari kwa moto unaofuata. Yaani chuma kimoja, juu kinapokea mlipuko na chini kinapiga pampu, wakati huohuo. Mhandisi wa Kiingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, ndiye kwa kawaida anayetajwa kuwa mwasisi wa mpango huu wa kukigeuza chumba cha krenki kuwa pampu. Ukiondoa krenki, fimbo yake na pistoni, hakuna kingine kinachozunguka wala kupanda na kushuka. Nilipofika hapo nilifunga simu nikaitazama dari.

Ila ina gharama yake. Chumba cha krenki kikishakuwa njia ya petroli, hakiwezi tena kutunza oili. Ukiimwaga humo itapulizwa yote juu ikaungue. Kwa hiyo oili lazima iingie pamoja na petroli, kidogo kidogo, ilainishe inapopita, kisha iungue itoke kwa njia ya moshi. Zamani ulichanganya mwenyewe kwenye tangi, oili lita 1 kwa petroli lita 20, na wenye misumeno ya mnyororo na mashine za kupulizia mikorosho salfa wanachanganya hadi leo. Mwaka 1964 Yamaha wakaleta mfumo waliouita Autolube: tangi dogo pembeni, kijipampu ubavuni mwa injini, na waya unaotoka kwenye eksileta. Ukivuta mafuta mengi, pampu inaongeza matone, ukiachia, inapunguza. Ndiyo maana ya "inajinywea yenyewe".

Ningeishia hapo, lakini siwezi, kwa sababu ya ekzosi.

Tatizo la injini hii ni kwamba tundu la kuingiza mchanganyiko mpya na tundu la kutolea moshi yanakuwa wazi kwa pamoja kwa muda. Petroli mbichi inaingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, haijafanya kazi yoyote, ukiwa umeshailipia. Kwa miaka mingi watu waliliona hilo kuwa la kuvumilia tu. Mtu aliyelivalia njuga ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Ujerumani Mashariki, ambaye wakati wa vita alikuwa Peenemünde walikoundia makombora. Katika miaka ya 1950 Kaaden alishughulika na bomba lenye tumbo: linaanza jembamba, linatanuka, halafu linabanwa tena. Kila mlipuko unapeleka wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Wimbi likifika panapotanuka, linarudisha mvuto unaomalizia kutoa moshi kwenye silinda. Likifika panapobanwa, linarudisha msukumo, na msukumo huo unaikuta petroli mbichi iliyotoroka na kuirudisha ndani, sekunde ile ile pistoni inapotaka kufunga mlango. Bomba la bati! Halina kitu ndani, halina kinachozunguka, na linafanya kazi ya valvu kwa sauti tu.

Siri hiyo haikukaa MZ. Septemba 1961, wiki chache baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwanamashindano wao Ernst Degner alikuwa Sweden, anawania ubingwa wa dunia wa 125. Injini yake ikafa katikati ya mashindano. Hakurudi nyumbani. Mke wake na watoto wakavushwa mpaka kuelekea Magharibi wamefichwa kwenye buti ya gari, na inasimuliwa kwamba watoto walipewa dawa ya usingizi wasije wakalia. Degner akaenda Suzuki na yote aliyojifunza kwa Kaaden, na mwaka 1962 akawapa ubingwa wao wa kwanza wa dunia, daraja la 50. Baada ya hapo tumbo lile likaenea kwenye pikipiki za Japani za viharusi viwili, mpaka ile ya kwangu, ambayo tumbo lake limepakwa rangi nyeusi ya geti.

Nilimsimulia mke wangu habari hii yote akiwa anachambua mchele. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Angalau mwenzio aliwaweka kwenye buti."

Maana alikuwa hajasahau.

Siku ya kwanza tulipokwenda Tungi, DT ilifuka kweli kweli. Watoto walikuwa wanapotea kwenye moshi wakitokeza mbele wanakohoa. Niliwaambia ni injini imekaa muda mrefu, itajisafisha. Na ikajisafisha. Kila nilipopita kituo cha mafuta kuongeza petroli, moshi ulipungua. Ukawa mwembamba, ukawa wa kutafuta, mwisho ukaisha kabisa. Nikaita watu waje waangalie ekzosi: safi! Jirani yangu alisema hajawahi kuona pikipiki ya zamani inayopona yenyewe. Na kitangi cha oili nacho, kila nikikifungua, oili iko pale pale, shingoni. Mke wangu, ambaye Biblia yake inafunguka yenyewe kwenye Wafalme wa Kwanza sura ya 17, alisema sasa na sisi tuna chupa ya mjane wa Sarepta. Nilitembea na sifa hiyo kwa kujidai. Niliwaambia watu kazini kwamba Wajapani walipotengeneza kitu, walitengeneza.

Jumapili ya ile video, familia ilikuwa imekaa kwenye kivuli cha mwembe, chapati na chupa ya chai viko mkekani, na mimi niliombwa nipite kwa kasi ili nipigwe picha. Nikarudi mbali, nikaja. Gia ya tatu, ya nne. DT ikaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba, sauti kavu, ya juu, tamu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba injini inayokaribia kufa kwa kukosa oili huimba hivyo. Halafu sauti ikabadilika ikawa mluzi, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na pikipiki ikaamua kwenda pembeni.

Nilitua kwenye mkonge. Kwa asiyeufahamu kwa karibu, kila jani la mkonge linaishia kwenye mwiba mmoja mgumu, mweusi, wenye ncha ambayo sindano ya cherehani haifui dafu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Inasemwa miche iliyofika hai ni 62 tu. Sina ugomvi na marehemu, lakini nilihesabu miiba niliyotolewa na mke wangu jioni ile nikaona kwamba sehemu kubwa ya uzao wa ile miche 62 nimeshakutana nayo.

Kiki haikushuka. Niliisimamia kwa miguu miwili ikakaa vilevile, imeganda kama mwiko kwenye ugali uliolala. Mafundi wanasema injini imenoki. Kinachotokea ni hiki: pistoni ni ya aluminiamu, ukuta wa silinda ni wa chuma, na aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma. Nafasi kati yao haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita, na humo ndimo oili inamokaa. Oili isipokuwepo, pistoni inatanuka, inasugua ukuta, inayeyuka kidogo ikijipaka humo humo, na inashikwa. Inayofuata ni kamba ya katani, na tunashukuru kwamba Tungi kamba haiadimiki.

Fundi wa kwanza kumpelekea ni kijana wa mtaani kwetu, hodari sana wa bodaboda. Alifungua kichwa cha silinda, akachungulia. Akachukua tochi ya simu, akachungulia tena. Akanyanyuka, akafuta mikono, akaniangalia kwa huruma ya mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Mzee, valvu zako wameiba."

Nilimweleza habari za Joseph Day. Alinisikiliza kwa heshima, akasema sawa, lakini niende polisi.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja kule Mji Mpya, ambaye miaka hiyo alikuwa akihudumia pikipiki za miradi. Karakana yake ni mwembe, benchi na redio. Aliiangalia DT akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani. Hakugusa silinda. Alifuata kwa kidole waya unaotoka kwenye eksileta, ukashuka chini ya tangi, ukapinda, ukafika ubavuni mwa injini, na hapo ukakoma: ncha yake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, imepachikwa kwenye fremu isije ikaning'inia. Akafungua kava. Mahali pa pampu palikuwa na kipande cha bati kilichokatwa mviringo, kikabanwa kwa skrubu na silikoni. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa. Kilikuwa kimetokana na kopo la maziwa ya unga, na upande wa ndani, katikati ya matundu ya skrubu, uso wa mtoto mchanga ulikuwa bado unacheka.

Mzee akakigeuza kwenye mwanga. "Aliyekata hii," akasema, "alikuwa fundi."

Mambo yakajipanga yenyewe. Pampu haikuwepo. Dalali alikuwa amechanganya oili kwenye tangi la petroli siku ya kuniuzia, ndiyo moshi. Kila lita ya petroli tupu niliyoongeza ilikuwa inaizimua ile oili yake, ndiyo "kupona". Na kitangi cha ubavuni hakikupungua kwa sababu hakikuwa na pa kupungulia.

Kisha mzee akakwangua rangi nyekundu ya madigadi kwa ukucha, ikatokea rangi nyeupe na herufi DFP, za pikipiki na magari ya miradi ya wafadhili. Mita ilisoma kilomita 9,000 na ushee. Nilisema lazima imerudishwa nyuma. Akanionyesha mipira ya kukanyagia: meno yake yalikuwa bado yamesimama. "Hii haikutembea, mwanangu. Hii ilisimama."

Kicheko kiliniishia hapo, na naomba nisitanie kwa muda kidogo. Ililetwa pikipiki nzuri kutoka ng'ambo, ikapigwa picha siku ya kukabidhiwa, mbele ya viongozi na kwaya. Haikuja na bajeti ya petroli. Haikuja na ringi, wala gasketi, wala pampu ya akiba. Mradi ukafunga, ripoti ikaandikwa kwamba vitendea kazi vimetolewa, na kweli vilikuwa vimetolewa. Moja ilipokufa, nyingine ilichinjwa kuifufua, hadi zote zikawa chini ya mti zinangoja mnada. Mama yangu mkubwa kule Matombo aliwahi kuona mahindi yake yanaliwa na viwavi shina kwa shina. Alituma ujumbe wilayani. Akajibiwa kwamba bwana shamba yupo, pikipiki ipo, petroli haipo. Mwaka ule alinunua unga. Inawezekana kabisa pikipiki aliyoambiwa ipo ndiyo hii ninayovutwa nayo kwa kamba mbele ya watu, na nikifikiria hivyo, baba mdogo na utani wake wa "haili mafuta" hanichekeshi hata kidogo.

Turudi kwenye pistoni. Silinda ya DT ina kipenyo cha milimita 56. Ikinoki unaipeleka kwenye mashine ya kuchonga, inatanuliwa robo milimita, unatia pistoni kubwa kidogo. Ikinoki tena, robo nyingine. Saizi ni nne, 0.25 mpaka 1.00, baada ya hapo unatafuta slivu au unatafuta kanisa. Nilinunua pistoni kwenye duka moja lenye kibandiko kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi. Kibandiko hicho ndicho kitu pekee dukani mle nilichokuta ni cha kweli. Kisanduku kilisema Japani, na jina la kampuni lilikosewa herufi moja. Muuzaji aliniambia herufi hiyo ndiyo alama ya orijino. Ringi ilivunjika kwenye mwinuko wa Bigwa, ikakwaruza ukuta, nikala saizi ya pili.

Nisingeuma meno hivyo kama ningekuwa sijasoma. Pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilikuwa ni kuigiza. Waliichukua DKW RT 125 ya Kijerumani, ambayo baada ya vita kila mtu alikuwa anaikopi: Waingereza wakatoa BSA Bantam, Harley-Davidson nao wakatoa ya kwao, Warusi ya kwao. Yamaha, kiwanda cha vinanda, wakaiga, na mwezi Julai mwaka huohuo wakaipandisha kwenye mashindano ya mlima Fuji wakashinda daraja lao. Kwa hiyo sina chuki na kuiga. Ninachouliza ni kwa nini wao waliiga pikipiki nzima ikapanda Fuji, na huyu ameiga pistoni moja ikashindwa Bigwa.

Mengine hayana uzito. Kiki ilirudi ikanipiga ugoko, nikaimba wimbo usiomo kwenye kitabu cha kwaya. Mzee alichoma ekzosi kwenye mkaa kutoa masizi ya miaka yote, na majirani wakaanua nguo. Taa ya mbele inawaka ukikanyaga breki. Kadi bado ina jina la mradi, na mradi uliokufa hausaini fomu. Binti yangu ameshajua kuendesha, na kila akinipita anapiga honi, ambayo ndiyo kifaa pekee ambacho hakijawahi kuharibika.

Majuzi nilisikia pampu ya DT imepatikana mjini. Nikaenda. Alikuwa dalali yuleyule, benchi lilelile. Aliitoa kwenye mfuko wa rambo akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Orijino hii, mzee. Imetoka kwenye pikipiki moja ya mradi. Haijaguswa." Alitaka karibu nusu ya alichoniuzia pikipiki nzima. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu nikitafuta dalili ya aibu, sikuona. Nilichoona ni mtu anayesubiri pesa yake. Tukapatana, nikamlipa.

Mzee wa Mji Mpya aliipokea, akaipuliza tundu moja, akasikiliza, akanirudishia.

"Sili zimekauka. Hata zingekuwa nzima, nisingekufungia. Mabwana shamba walikuwa wakipata petroli wanasahau kujaza oili ya pembeni, pampu inavuta hewa, wananoki porini. Ukichanganya kwenye tangi husahau. Changanya tu."

"Sasa kumbe walioing'oa walikuwa na akili?"

"Nilizing'oa zote mwenyewe," akasema. "Wote waliambiwa wachanganye. Huyo aliyekuuzia ndiye hakukwambia."

Nikamuuliza, na kile kibati cha mtoto?

Akanitazama kwa mshangao wa mtu anayesingiziwa. "Kwani kilivuja?"